Mbio za Utulivu kwenye Depo ya Mama Cansilde

Jumatano, 18 Agosti 1999

Daftari jipya. Kurasa tisini na sita. Si mimi niliyelitaka, ni muuguzi.

Leo nimelipiga teke gunia la maharage. Maharage hayakuumia. Kidole gumba cha mguu kimevimba kama kiazi cha Busasamana. Tangu saa moja asubuhi moyo ulikuwa unadunda, mikono inatetemeka, na nilikuwa nimemjibu vibaya kila mtu, pamoja na mlango. Kapita wetu Bizumuremyi, yaani msimamizi wa makuli, akanipigia filimbi, akasema niende kituo cha afya kabla sijaua mtu au gunia.

Muuguzi anaitwa Illuminée. Akapima damu: malaria hakuna. Akauliza tumbo: minyoo hakuna. Akauliza kazi. Nikamwambia mimi ni kuli kwenye depo ya Mama Cansilde, karibu na kizuizi cha mpakani, Petite Barrière, nabeba viazi vinavyokwenda Goma, mwaka wa tatu huu, na kwetu ni Ujiji, Tanzania, ambako sijakanyaga muda wote huo. Akasema basi ni stresi. Akanieleza hivi: mzigo unautua, lakini mwili bado haujapata habari. Maneno mazuri sana. Nilitaka kulia.

Ameniagiza nipumzike, nivute pumzi ndefu, Jumapili niende nikakae kwenye maji ya moto, na kila jioni niandike yaliyonisumbua, niyaache humo humo kwenye daftari. Pia nimwombe kapita kazi nyepesi. Hapo nilicheka mpaka akanipima homa upya.

Narudi depo, nakuta habari. Mzee Ndahiro, mlinzi wa mlango, anahamia Butare kwa binti yake mwisho wa mwezi. Kiti chake kinabaki wazi! Kiti chenye mto, kivulini. Kazi yenyewe: kufungua, kufunga, kusalimia watu. Mama Cansilde atamchagua mmoja wetu, na ametangaza anachotaka: "Nataka mutu mutulivu. Wateja wa Goma wanasema kwangu iko kelele kushinda gare ya mabasi."

Makuli tuko wanane. Lakini ni nani mwingine aliyeandikiwa utulivu na muuguzi? Nimeshamwandikia mama Ujiji kwamba nimepata kazi ya kukaa.

Alhamisi, 19 Agosti

Siku ya kwanza ya utulivu. Nimetembea taratibu chini ya gunia, kama bwana harusi. Nyuma yangu wenzangu wakasongamana mpaka kwenye ngazi ya lori. Evode akanikanyaga kisigino.

Evode ni kuli mwenzangu, amerudi kutoka Masisi, mrefu, meno yote yapo. Watu wanampenda bila yeye kufanya lolote. Mimi simpendi, na naona ni haki yangu kwa sababu kazi ya kutompenda nimeachiwa mimi peke yangu.

Filimbi ikalia. Sikukasirika. Nikatabasamu. Sasa, kutabasamu ukiwa na kilo mia shingoni si jambo la kujaribu bila mazoezi. Mama Cansilde alikuwa anapita. Akasimama, akanitazama kwa huruma. "Faradji, iko nini? Ni tumbo? Choo iko nyuma."

Wenzangu wamecheka mpaka jioni. Evode hakucheka. Alinishika bega, akasema pole. Hilo limenitia wasiwasi. Mtu asiyecheka jambo kama lile anatafuta kitu. Anatafuta kiti.

Ijumaa, 20 Agosti

Nilijua. Evode naye anatulia.

Asubuhi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, pole pole, huku amebeba. Mimi nikaanza kuvuta pumzi ndefu kama nilivyoagizwa, kwa sauti, ili Mama Cansilde asikie ofisini. Nilivuta nyingi mno. Nikaona nyota saa nne asubuhi, ikabidi nishike ukuta.

Mchana gunia la unga likapasuka juu ya kichwa changu. Nikasimama mweupe kama mzuka, nikasema Alhamdulillahi, nikamgeukia Mama Cansilde kuona kama amenihesabia. Alikuwa anatazama kwingine. Alikuwa anamtazama Evode, ambaye dakika ile ile alikanyagwa mguu na chukudu ya Mkongomani, ile baiskeli ya mbao, ikiwa na shehena yake. Unajua alisema nini? Alimwambia mwenye chukudu: "Pole, papa, nimekusimamisha."

Sijaweza kula. Moyo unadunda kuliko siku ya teke. Kutulia kunachosha kuliko viazi.

Jumapili, 22 Agosti

Nyamyumba, kwenye maji ya moto. Nimekwenda kwa miguu, njia ya ziwani, nikapita kiwanda cha bia bila kugeuza shingo, hasa kwa sababu shingo haigeuki.

Maji yanatoka ardhini yenyewe, yanachemka, na watu wamekaa ndani na migongo yao mibovu wakipiga soga. Bibi mmoja akaniambia mtu hukaa muda wa kumenya viazi vya chakula kimoja, halafu anatoka. Nikafanya hesabu. Kama muda huo unatoa stresi ya wiki, basi saa nne zinatoa ya miaka mitatu, na inabaki akiba. Nikakaa saa nne.

Sikumbuki vizuri saa ya mwisho. Nilipotaka kusimama, miguu ilikuwa ugali. Bibi akaniita mara tatu, nikamjibu kwa Kiha, lugha ya nyumbani ambayo hapa sijamwambia mtu hata neno. Akapiga yowe. Vijana wa mlimani wakaja na ingobyi, yaani machela ya kusuka ambayo kila kijiji huku kinayo kwa ajili ya wagonjwa wake. Wakanilaza. Wanne wakainua.

Naandika ukweli. Mimi nimebeba viazi, saruji, chumvi, na mara moja kinanda cha padri. Tangu nimekuwa mtu mzima sijawahi kubebwa na mtu. Nimelala chali, naona mbingu na vichwa vinne vinatoka jasho, wanaimba, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina uzito gani. Nilifumba macho. Walipofika barabarani wakanishusha, wakanipa maji, wakasema nitembee sasa. Niliwaomba wanizungushe kidogo tu hadi kwenye kona. Walikataa.

Lakini wazo limeingia.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimechelewa. Bizumuremyi amenipa magunia ya chini, yale yenye unyevu. Hilo si kitu. Kitu ni hiki: mzee Ndahiro alipokwenda kula, Mama Cansilde alimwambia Evode akae mlangoni. Saa nzima! Alikaa kwenye mto. Alifungua, akafunga, akasalimia. Mama mmoja wa Goma akampa ndizi.

Siwezi kumshinda kwa utulivu. Huyu alizaliwa nao. Itabidi nimshinde kwa ugonjwa. Mtu mgonjwa wa kazi nzito anapewa kazi ya kukaa, hata mtoto anajua. Kesho naanguka.

Nimefanya mazoezi chumbani. Mara ya kwanza nilianguka juu ya sufuria. Nyiramana, mama mwenye nyumba hapa Mbugangari, akagonga ukuta, akauliza kama nimepata mke.

Jumanne, 24 Agosti

Nimeanguka vizuri sana.

Nilisubiri Mama Cansilde atoke ofisini. Nikalegeza goti la kushoto, nikaweka gunia chini kwanza, maana sipendi uharibifu, kisha nikaenda upande wa viazi, si upande wa misumari. Filimbi yenyewe ilinyamaza. Halafu Mama Cansilde: "Yesu wangu, mutoto wa watu wa Ujiji!" Sikujua kama anajua kwetu ni wapi. Nusura nifungue macho nimshukuru.

Nilitegemea benchi na maji. Nilisahau kwamba hapa mwenzako akianguka kazini, kazi inasimama na wenzake ndio wanaombeba. Bizumuremyi akatuma watu kuleta ingobyi ya mtaa. Makuli saba ambao tangu alfajiri walikuwa wameshusha lori zima wakanibeba mimi, Mbugangari yote, nusu saa, kilima juu. Kila kona watu walitoka wakiuliza nani amekufa. Safari hii sikufurahi sana. Nilikuwa nasikia pumzi zao, na kila pumzi naijua ni ya nani.

Na nani alishika mti wa mbele kulia? Evode. Amebeba kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili ananifuta jasho kwa kitambaa chake mwenyewe. "Vumilia, Faradji sha, tunafika." Sha, kama ananiita mdogo wake! Utulivu ule! Nikatamani kumng'ata.

Illuminée aliwatoa nje wote, akanifungua jicho moja kwa kidole, akashika mkono wangu, akahesabu. Akasema huu si moyo wa mgonjwa, huu ni moyo wa mtu aliyekwenda matembezi. Nikamweleza kila kitu. Aligeukia dirishani, mabega yanatikisika. Kisha akasema kwamba pamoja na upumbavu wangu mimi bado nina stresi, tena imeongezeka, na akaniandikia mapumziko mpaka Jumamosi. Sharti moja: nipumzike kweli. Nisifanye lolote. "Lolote, Faradji. Unaelewa neno hilo?"

Nimeelewa.

Jumatano, 25 Agosti

Nimepumzika kwa dakika kumi. Halafu wageni.

Huku mgonjwa haachwi peke yake. Wamekuja majirani, wamekuja watu wa msikitini, wamekuja watu wa kanisa la Evode ambao siwajui, wamekuja wawili waliopita tu njiani wakaona viatu vingi mlangoni. Kitandani kwangu walikaa watano. Kila mmoja alikuwa na ndugu aliyeanguka kama mimi, na wote hao ndugu walikufa, mmoja baada ya kupata nafuu kubwa. Nyiramana aliwapikia viazi vyangu.

Bizumuremyi alikuja peke yake. Alikaa karibu saa mbili, filimbi mfukoni. Bila filimbi ni mtu mdogo. Mwishowe akaniuliza moyo unafanyaje kabla ya kuanguka. Nikamweleza: unadunda, mikono inatetemeka, unamchukia kila mtu. Akasema taratibu kwamba wa kwake unafanya hivyo hivyo, mwaka wa sita. Nilitaka kumhurumia ila nilikumbuka magunia ya unyevu.

Kisha Mama Cansilde mwenyewe, na kikapu cha mayai. Wote wakasimama, isipokuwa mimi na Bizumuremyi, ambaye alikuwa amesinzia. Akanishika paji la uso. Akaniuliza mwili unataka nini. Nikajibu kwa sauti ndogo, niliyokuwa nimeitayarisha, kwamba mwili wangu hautaki kitu, unataka kukaa tu. Sehemu moja. Kivulini. Labda karibu na mlango.

Akanitazama. Akasema: "Bon. Nimesikia, mwanangu. Pumuzika tu. Mambo iko mikononi mwangu."

Mambo iko mikononi mwake! Mama yangu huko Ujiji atakuwa ameshawasomea barua majirani.

Ijumaa, 27 Agosti

Naandika kwa mkono mweusi, daftari litachafuka.

Kupumzika si kazi ya mtu kama mimi. Filimbi inasikika hadi chumbani. Kila ikilia nasimama, natafuta ngata yangu ya kuwekea mzigo kichwani, halafu nakumbuka kwamba naumwa. Jana nilisimama mara thelathini. Na kila nikilala namwona Evode kwenye mto.

Illuminée alisema nisifanye lolote. Kuchungulia si kufanya. Baada ya adhuhuri nimetoka kwa mlango wa nyuma, nikafika hadi kwa wauza makaa, ng'ambo ya barabara na depo, nikajificha katikati ya magunia yao. Naona vizuri kabisa. Evode anabeba. Anarudi, anabeba tena. Nikahesabu: wenzake wanakwenda mara moja, yeye mara mbili. Alikuwa anabeba ya kwake na ya kwangu. Anaimba. Kitu kikanichoma kifuani kidogo. Nadhani ni vumbi la makaa.

Kumbe nyuma yangu mambo yameharibika. Bibi mmoja wa msikitini alikuja kunitazama, akakuta kitanda kitupu na blanketi chini. Yowe. Nyiramana yowe. Mtaa mzima ukatoka kutafuta mgonjwa aliyechanganyikiwa, wakapita mtoni, wakapita kwenye mitaro, ingobyi ikiwa tayari mabegani. Walifika barabarani wakiita jina langu. Makuli wakaacha kazi. Mama Cansilde akatoka akiwa na kiatu kimoja.

Mama muuza makaa akavuta gunia la mbele, nami nikatokea.

Nilifikiria kukimbia. Badala yake nikaanguka tena, na sikuwa na nafasi ya kuchagua upande. Wakanibeba. Mara ya tatu ndani ya wiki moja. Njia nzima hakuna aliyeimba. Kijana mmoja alisema "Huyu papa anakuwa muzito kila siku."

Jumamosi, 28 Agosti

Asubuhi umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Nimebaki kitandani nikisikiliza majembe. Walipomaliza, watu wa chama cha ingobyi walikaa kikao chini ya dirisha langu, nafikiri kwa makusudi. Kila nyumba huku iko kwenye chama: ukibebwa, nawe unabeba. Mimi sikuwahi kujiandikisha kwa sababu mimi ni mgeni na nilidhani siumwi. Wameniandika leo. Mbebaji wa kudumu, mti wa mbele. Mgonjwa wangu wa kwanza ni mke wa mwalimu, ambaye atajifungua wakati wowote na ni mama mwenye afya sana.

Nimewashukuru kupitia dirishani. Si kitu. Mtu wa kiti hubeba Jumapili tu.

Jumanne, 31 Agosti

Siku ya kiti.

Nimevaa shati la Idi. Mama Cansilde alitukusanya wote mbele ya mlango, mzee Ndahiro amesimama kando na begi lake, kiti kitupu katikati, mto umepigwapigwa.

Akaanza kwa kusema ukweli, naye akiusema hutazama mtu usoni. Alinitazama mimi. Alisema Jumatano ile, aliporudi kutoka kwangu, alikuwa amekwisha amua. Kiti kilikuwa changu. Tena alisema mtu mmoja alikuwa amemwendea ofisini tangu jana yake, siku niliyoanguka, kumwomba kiti nipewe mimi. Mtu huyo ni Evode.

Nikamgeukia Evode. Evode akaangalia chini, akasema yeye hakukitaka hata siku moja. "Mi nikikaa, mugongo inauma. Siku ile ya mzee kwenda kula, nilisikia kama niko gerezani."

Lakini, akasema Mama Cansilde, Ijumaa alimwona mtu aliyelazwa anatoka ndani ya makaa. "Faradji, mutu hawezi kubaki kwa kitanda yake, nitamubakisha kwa mulango yangu namna gani?"

Nilitazama viatu vyangu. Wenzangu nao walitazama viatu, ambavyo hawana.

Kiti amepewa Bizumuremyi. Jumapili alimwendea Mama Cansilde nyumbani, akamwambia moyo wake unadunda mwaka wa sita, na kwamba mwili wake hautaki kitu, unataka kukaa tu, sehemu moja, kivulini. Maneno yangu! Na mimi nilidhani amesinzia. Alipokaa kwenye mto alifumba macho, akashusha pumzi, na nikamwona kwa mara ya kwanza ana uso wa mtu.

Filimbi amepewa Evode.

Nimerudi nyumbani nikiwa na shati la Idi. Nina miaka arobaini na moja. Shingo yangu ilikitaka kile kiti kuliko mimi nilivyokitaka, na mimi nilikitaka sana. Barua ya mama haiwezi kurudishwa. Nimekaa kwenye sufuria iliyogeuzwa chini juu, kwa sababu ndicho kiti nilicho nacho.

Alhamisi, 2 Septemba

Siku ya pili ya ukapita wa Evode. Filimbi haijalia hata mara moja, ameifunga shingoni kama msalaba. Amesema kila baada ya magunia kumi tunakaa wote kivulini, tunakunywa maji, ndipo tunaendelea. Leo tumemaliza lori mapema kuliko zamani. Mimi amenipa magunia ya juu, yaliyo makavu. Mikono haitetemeki. Nimepita kwa Illuminée, akanipima, akasema moyo unakwenda vizuri, na akaniuliza kama sasa nimeelewa ugonjwa wangu ulikuwa nini.

Nikasema nimeelewa. Ulikuwa makaa. Ningejificha kwa wauza ndizi, leo niko kwenye mto.

Jioni nimepata habari kubwa. Mama Cansilde anafungua depo ya pili huko Busasamana, ya kukusanya viazi, na anatafuta msimamizi. Atakuwa na kiti chenye mikono, si mto tu. Lakini anasema wakulima wa huko ni wajanja, hataki mtu mtulivu. Anataka mutu mukali, anayejua kufoka.

Nafasi imekuja yenyewe! Wiki mbili zote nilikuwa najitengeneza kwa kazi isiyo yangu. Nimemwandikia mama Ujiji kwamba nimepandishwa cheo.

Kabla ya kuandika haya nimejaribu kidogo kwa mbuzi wa Nyiramana. Nimemfokea kwa nguvu zangu zote, moyo umedunda vizuri, mikono imetetemeka kama zamani. Alinitazama tu, akaendelea kutafuna.

Kesho naanza na Evode.